Siku Saba Alizonyamaza Kadzo

Mara tatu sasa Rai amenijia mlangoni na daftari lake. Ati kanisa linakusanya habari za watu wa zamani, ati nimwandikie ya Kadzo, kwa kuwa ukimtoa Kadzo mwenyewe, watu wazima waliokuwepo tumebaki wawili na wa pili hasikii. Mara ya kwanza nilimwambia naumwa mgongo. Mara ya pili nilimwambia kalamu haina wino. Hii ya tatu kaja na kalamu mpya na sukari kilo moja, na mimi mtu akiniletea sukari bila sababu, hujiuliza ana nini. Kusoma kwenyewe nimesoma ngumbaru, ile shule ya watu wazima, miezi minane, herufi zangu zalala kama mahindi yaliyopigwa na upepo. Haya, nitaandika nijuavyo, na atakayetaka kunisahihisha aje anisahihishe nikimwona. Mengine niliyaona kwa macho yangu, nilikuwa pale pale matangani. Mengine kaniambia Kadzo mwenyewe.

Kadzo alizaliwa Msambweni, baba yake mvuvi wa kutega madema. Aliolewa huku juu ya Waa, njia ya kwendea Kombani, na Dzombo, Mduruma aliyefanya kazi ya reli Mackinnon Road na kurudi nyumbani mwisho wa mwezi. Dzombo ndiye aliyemtia kanisani. Mtoto hawakujaliwa. Kazi yake ilikuwa kushona makuti: kuyakunja majani ya mnazi kwenye kijiti na kuyapitisha uzi wa ukili, kuti moja baada ya jingine, toka asubuhi hadi jua limegeuka. Mikono ilikwenda na mdomo ulikaa. Watu walizoea kuzungumza mambo yao mbele yake kama mtu azungumzavyo mbele ya kinu.

Lakini alikuwa mtu wa kushuku, msione kimya kile. Unga akinunua, aunusa kwanza. Akisalimiwa na mtu ambaye jana hakumsalimia, husimama njiani akamtazama mgongo mpaka apotee.

Mtu mmoja tu hakumshuku, naye ni Mbodze. Mwaka ule wa ukame mkubwa, ng'ombe walipokwisha huko bara, Randu alishuka pwani na mkewe Mbodze na binti zao wawili, Kanze na mwingine wa kunyonya. Wakapewa pahali pa kujenga pembeni mwa shamba la minazi, na Randu akawa mfyekaji. Mbodze hakujua hata kupasua nazi. Kadzo alimketisha mkekani, akamfundisha kushona, na tangu hapo ukimwona mmoja umewaona wote wawili.

Sasa ikaja Novemba ya mwaka wa sitini na tatu. Bendera ya Uhuru ilikuwa bado, lakini maneno yalikuwa yamekwisha kupanda. Majimbo, majimbo. Nani mwenyeji, nani mgeni, nani atarudishwa kwao. Mtu akikuuliza habari za asubuhi, wafikiri kwanza anauliza nini. Hali ilikuwa hiyo.

Asubuhi moja Kadzo alikuwa akienda kupalilia, jembe begani, aliposikia Mbodze anamwita kwa sauti isiyo yake. Alimkuta Randu amelala kwenye jamvi, macho wazi, mwili umelegea.

"Alianza na midomo," Mbodze alisema. "Ati haisikii. Halafu vidole, halafu miguu. Sasa hata ulimi haunyanyuki. Na mtu ananisikia, Kadzo! Mtazame macho, ananisikia!"

"Alikula nini jana?"

"Chakula tu."

"Chakula gani, Mama Kanze?"

"Samaki."

Kadzo alitoka nyuma ya jiko kutafuta majani ya kumtapisha. Hapo chini, karibu na jaa, aliona ngozi ya samaki imetupwa, ngozi ya miiba, na taya lenye meno kama mdomo wa kasuku. Mtoto wa Msambweni hahitaji kuambiwa. Yule ni bunju, samaki ajazaye tumbo upepo akawa kama mpira. Wavuvi wakimpata humtupa mchangani, na kunguru wenyewe humzunguka wakaenda zao. Sumu yake imekaa kwenye ini na mayai kuliko popote.

Alirudi ndani. "Huyo samaki ulimtoa wapi?"

"Pwani, nilipokwenda kutafuta majani. Katupwa mzima mzima, mnono. Watu wa huku wana kiburi, watupa chakula!" Hata katika hali ile Mbodze alilisema hilo kwa uchungu wa mtu aliyewahi kulala na njaa. "Ini na mayai nikampikia baba watoto. Sisi tulikula kisamvu."

"Nyama yake imebaki?"

Mbodze alimtazama. Baadaye sana alikiri alichofikiri: mume wangu anakata roho na huyu aulizia samaki. Akatikisa kichwa, haikubaki.

Randu alikufa jua halijafika kwenye vichwa vya minazi. Alikufa akiyasikia yote na asiweze kusema lolote.

Wanawake walipoanza kulia, Kadzo alichukua jembe lake, akazunguka nyuma, akaichimbia ile ngozi na taya shimo, akafukia, akakanyaga, akamwaga jivu juu. Alifikiri hivi. Huko kwao Mbodze, mnyama akichinjwa, ini ni la mwenye nyumba, na mke hulitoa kwa heshima. Mbodze amemuua mumewe kwa heshima. Akijua, ataishije? Na wenyeji wakijua, siku hizi za majimbo, watamfanya wimbo: watu wa bara, hata samaki hawamjui. Samaki amekwisha, mtu amekwisha. Basi na neno liishe. Akalifungia moyoni.

Hakujua kwamba Mwanapili, jirani wa upande wa kisimani, alikuwa akipita na mtungi, akamwona anakanyaga udongo nyuma ya jiko la mfiwa.

Randu akazikwa, tukaketi matanga. Jioni ya kwanza Mwalimu Tsuma wa kanisani alitusomea habari za Ayubu. Alisoma jinsi rafiki zake walivyomjia, wakaketi naye chini siku saba usiku na mchana, na hakuna aliyemwambia neno, kwa maana waliona kwamba msiba wake ni mkubwa mno. Kisha akafunga kitabu, akasema, "Siku hizo saba ndizo walizokuwa rafiki. Walipofumbua vinywa walianza kumtafutia Ayubu kosa, wakaharibu yote."

Kadzo alimeza maneno yale kama mgonjwa amezavyo dawa. Siku saba. Akaketi ubavuni kwa Mbodze, chini, na tangu jioni hiyo hakusema neno na mtu. Akisalimiwa huinamisha kichwa. Nasi tulisema, mwenzetu amefiwa kama ndugu.

Siku ya tatu akafika Garama, kaka mkubwa wa Randu, kutoka Mackinnon Road. Mtu mrefu, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Hakuwa amemaliza kunywa maji ya kukaribishwa na tayari alikuwa ameuliza.

"Kijana mzima wa nguvu amelala, hakuamka. Ulimi umefungwa. Nani alikuwa hapa?"

Watu walitazama mikeka yao. Mwanapili akakohoa. Ukikohoa namna ile ni lazima uulizwe, na alipoulizwa akasema, "Mimi sijui, mzee. Mimi niliona tu mtu akifukia kitu nyuma ya jiko. Kwa jembe lake. Na akamwaga jivu."

"Mtu gani?"

Mwanapili aliashiria kwa kidevu.

Garama alimjia Kadzo akasimama juu yake. "Wewe mwanamke. Ulifukia nini?"

Kadzo akanyamaza.

"Nakuuliza! Ulimfukia nini ndugu yangu?"

Nami nilikuwa karibu, nikaona mikono yake inakunjakunja upindo wa kanga kama inayoshona kuti lisilokuwepo. Kumbe alikuwa amemtazama Mbodze, na Mbodze alikuwa akisikiliza.

Garama akaingia kwa Kadzo bila kubisha hodi, akatoka na lile jembe. "Hili litakaa kwangu," alisema, "mpaka limtaje mwenye hatia." Nyuma ya jiko akaagiza yawekwe matawi ya miiba juu ya ule udongo uliokanyagwa. Kufukua hakuna aliyethubutu. Wote walikuwa wamekwisha kuamini kwamba ni fingo, dawa ya uchawi ya kuzikwa, na fingo huhitaji mganga.

Siku ya nne mikeka ilisogea. Hakuna aliyesema sogea, ilisogea tu, hata Kadzo akawa na nafasi ya watu watatu kila upande. Bakuli alilonywea maji lilioshwa mara mbili. Nilisikia mmoja akinong'ona, "Hana mtoto wake, atakaaje akiwaona wa wenziwe?" Naye Kadzo akawa anatuchungulia mmoja mmoja, akitafuta ni nani aliyesema. Alinishuku hata mimi. Sikusema mimi, lakini sikukataza pia, na hilo namwachia Mungu.

Siku ya tano Mbodze mwenyewe alikumbuka. Alikaa akitazama ukuta, ghafla akasema, "Aliniuliza samaki. Randu anakufa, yeye aniuliza samaki amebaki. Alikuwa akitaka kujua kama dawa yake imeliwa yote." Akachukua mkeka wake akaupeleka upande wa pili wa chumba.

Kadzo kaniambia, hapo ndipo alipotaka kusema. Angesema moja tu, na mikeka yote ingerudi. Lakini akaona namna Mbodze alivyombeba mtoto wa kunyonya, kama mtu asiye na kingine. Akasema moyoni, acha anichukie. Chuki hii ataibeba, ile ya kujichukia mwenyewe itamvunja.

Mwalimu Tsuma alimfuata kisimani. "Dada Kadzo, kama una neno, sema. Watu wanakuandalia mabaya."

Kadzo akaonyesha vidole saba.

"Ala! Dada, ile ni habari ya Ayubu. Si amri!"

Kadzo akamtazama jicho lile la kunusa unga, akajitwika mtungi, akaenda. Baadaye alisema, "Alipoisoma hakusema ni habari tu. Aliisoma kwa sauti kubwa."

Siku ya sita Garama alitangaza. Kesho mganga anakuja. Kadzo atakula kiraho, kipande cha papai kilichosomewa: mwenye hatia huvimba mdomo, asiye na hatia hula akaenda zake. Kisha shimo lifukuliwe. Akivimba, au akikataa kula, aondoke Waa na nyumba ichomwe, Dzombo arudi akute jivu.

Kwa mila za akina Randu, moto wa jikoni kwa mfiwa huzimwa siku ya mazishi, na majirani ndio waletao chakula. Siku ya saba mjane hutoa jivu la zamani, huwasha moto mpya, na chakula cha kwanza hutoka ndani ya nyumba yenyewe, si cha kuletewa. Watoto wa marehemu ndio huonja kwanza.

Basi asubuhi ya siku ya saba tulikuwa uani. Mganga amekwisha kufika, papai limekatwa, limewekwa kwenye sinia juu ya kigoda. Garama amesimama. Wanaume wamekaa upande wao, na kati yao alikuwepo Boga, mvuvi wetu wa hapa Waa. Kadzo alikuwa chini, peke yake, akitazama lile papai. Aliapa moyoni atalila. Alijua hana hatia, lakini je, kama mganga ametia kitu? Alimtazama mikono, akatazama kisu, akatazama kitambaa kilichofutia kisu.

Ndipo aliposikia harufu ya moshi na samaki.

Mbodze alikuwa ametoka jikoni na kifurushi cha majani makavu, cheusi kwa moshi. Alikiteremsha kutoka kwenye uchaga, dari ya vijiti juu ya meko, alikokining'iniza siku aliyopika lile ini, nyama imetiwa chumvi na kukaushwa kama watu wa bara wafanyavyo nyama ya ng'ombe. Alikificha asiombwe. Leo ndicho chakula pekee kilichokuwa cha nyumba ile. Akakifungua juu ya ungo, akageuka kutafuta sufuria, na Kanze, miaka minne, akanyoosha mkono akachukua kipande.

Sikuwahi kumwona Kadzo akikimbia kabla ya siku ile. Alimpiga mtoto mkono, kipande kikarukia jivuni. Mtoto akapiga kelele.

"Mmeona!" Garama alinguruma. "Mmeona! Hata mtoto!"

Mbodze alimshika Kadzo kanga shingoni. "Umenilia mume, Kadzo! Sasa wamtaka na huyu?"

Kadzo akafumbua mdomo. Sauti ya siku saba ilitoka kama mlango uliokauka. "Mbodze. Nipe sikio lako."

"Sema tusikie sote!" Garama alisema.

"La. Neno hili ni lake. Akitaka mlipate, atawapa mwenyewe."

Akamvuta Mbodze kichwa, akamwambia sikioni. Nilikuja kuyajua maneno miaka mingi baadaye, nayo yalikuwa machache: "Huyu ni bunju, huku hatumli. Ini lake ndilo lililomchukua Randu. Wewe hukujua. Mimi nilijua, nikanyamaza kwa ajili yako."

Mbodze alimwachia. Halafu alifanya jambo ambalo hakuna aliyelielewa: alichota maji, akampakata Kanze, akamwosha mikono kidole kimoja kimoja, akarudia, akarudia tena. Alipomaliza akamkabidhi mtoto kwa Kadzo. Akaenda moja kwa moja kwenye kigoda, akachukua kipande cha papai.

"Shemeji!" Garama alishtuka. "Hicho si chako!"

"Ni changu. Kama kuna wa kula kiraho, ni mimi." Akakiinua wote wakione. "Ini nilimpa mimi, kwa mkono wangu wa kulia. Aliniambia tamu, Mama Kanze, na wewe onja. Nikamwambia la, ni la mwenye nyumba."

Mganga akatazama njia.

"Ini la nini?" Garama aliuliza.

Kadzo akamwita Boga, akamwonyesha ungo. Boga aliinama, akanusa, akarudi nyuma. "Bunju huyo. Jamani, bunju! Nilimtupa mimi, mzee, siku kadhaa zilizopita. Hutupwa! Kila mtu ajua hutupwa."

"Sisi hatukujua," Mbodze alisema.

Boga ndiye aliyeondoa miiba akafukua. Alitoka na ile ngozi na lile taya, ameshika kwa kijiti, akaviweka mbele ya wanaume, na wenyeji wote wakaguna mara moja. Mwanapili alijifunika kanga mpaka puani.

Garama alimnyang'anya Mbodze papai akalitupa kwa kuku. Kisha akamgeukia Kadzo. Mngefikiri angesema samahani.

"Mbona hukusema? Nilikuuliza mara ngapi?"

"Hukuniuliza ili ujue, mzee," Kadzo alisema. "Uliniuliza ili uwaonyeshe watu."

Jioni ile Garama alirudi kwao. Jembe aliondoka nalo.

Tarehe kumi na mbili Desemba watu walikwenda Kwale kutazama bendera. Wawili hawakwenda. Mbodze alikuja uani kwa Kadzo na mzigo wa majani ya mnazi, akaketi akampa mgongo, akaanza kushona. Tangu matanga hawakuwa wamesemezana. Walishona mpaka jua likageuka, ndipo Mbodze akasema bila kugeuka, "Siku ile uliponiuliza samaki, ungeniambia kwa nini."

"Ningekwambiaje, mumeo akikata roho?"

"Ungeniambia. Ningemtupa yule samaki. Siku saba alining'inia juu ya vichwa vya wanangu, nawe umekaa hapo wanitunzia moyo."

Wakaendelea kushona. Mbodze alikuja na kesho yake, na kesho kutwa, miaka yote mpaka binti zake wakaolewa, na Kadzo hajui hadi leo kama alikuwa akija kumshukuru au kumkumbusha. Huniuliza mimi. "Nilinyamaza vyema au vibaya?" Nami humwambia: kwa msiba ulinyamaza vyema, kwa uchaga ungepanda ukatazama, wewe unayenusa hata unga wa dukani! Hapo hukasirika, nasi hatusemezani siku mbili.

Sasa wewe Rai, mjukuu wa Garama. Ulifikiri nimesahau wewe ni wa nani? Babu yako alihamia Kombani uzeeni, na mimi nimeingia nyumba ile. Jembe liko darini, juu ya mlango, na baba yako huwaonyesha wageni: hili ni jembe la mchawi wa Waa. Kadzo yu hai. Macho yamefifia, mikono yashona bado. Sukari yako nimeiweka, sijaionja. Jumapili ijayo, kabla ibada haijaanza, lilete jembe lile. Ulibebe begani, si kwenye gunia, toka Kombani hadi huku chini, upite sokoni. Na kila atakayekuuliza njiani ni la nani, usinyamaze.